Nimetoa Pointi za Pikapu Yako

Mama,

Shikamoo. Leo sitasikia marahaba, najua. Lakini tangu nianze kusema sikuwahi kufungua mdomo mbele yako bila salamu hiyo, na sioni sababu ya kuacha adabu kwa vile tu umelala.

Nakuandikia nikiwa Bigwa, kibarazani kwangu. Ni Jumapili, nimetoka Misa ya kwanza. Miezi tisa imepita tangu tukuache pale nyuma ya kigango. Kuna walioniambia niandike, eti kuandika kunapunguza uchungu. Mimi uchungu nimeuzoea. Naandika kwa sababu nina habari, na wewe ndiye mwenye haki ya kuambiwa.

Pikapu inatembea. Deo ndiye anayeiendesha. Na mimi, Mama, nimetoa pointi.

Usinune kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu kama ni kununa, nuna.

Unakumbuka siku uliponieleza pointi ni kitu gani? Nilikuwa darasa la tatu. Ulisimamisha gari kwenye kona ile ya maporomoko, ukungu umeshuka mpaka kwenye boneti, nyuma tumebeba njegere na karoti za watu. Ulifungua kofia ya distribyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi, ukaniwekea mapajani. "Ukiiangusha, tunalala hapa," ukasema. Kisha ukaniita nichungulie. "Unaona hivi vyuma viwili? Ni kama midomo. Vikifunguka, plagi inapata cheche. Vikifunga, vinajiandaa tena. Vikiungua vinaota vidonda, ndipo gari inaanza kumisi, inakatakata." Ukavisugua kwa kipande cha msasa ulichokuwa unakifunga kwenye pindo la kanga, ukafuta, ukapima mwanya kwa jicho na kwa ukucha wa kidole kidogo. Ulipowasha, ulisimama wima mbele ya injini, mikono kiunoni, ukasikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua usingizini.

"Haya," ukasema. Tukaondoka.

Nilidhani mama wote wanajua kufanya vile. Mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni ndipo nikagundua kwamba mama za wenzangu hawafungi msasa kwenye kanga.

Baba alipofariki, Deo alikuwa hajaanza hata kutambaa. Mjomba alisema gari liuzwe, mwanamke atalifanyia nini huku kwenye makorongo. Ulimjibu, "Kaka, nipe mwezi mmoja." Ukajifunza kwenye uwanja wa mpira wa shule, watoto wamekaa juu ya ukuta wanakucheka, na mimi nimekaa pembeni yako nimefumba macho. Mwezi haukuisha ukashusha gari mpaka mjini. Watu wa Mgeta walitoka majumbani kutazama. Mwanzoni fundi mmoja wa Msamvu kule mjini alikuwa akikusafishia pointi, akawa anakwambia kila mara urudi wiki ijayo. Ukakaa kwenye ndoo, ukaitazama mikono yake mara tatu. Mara ya nne hukwenda.

Hayo nayasema ili ujue sijasahau. Kwa sababu kuna jambo jingine ambalo hatukulimaliza, mimi na wewe.

Nilipomaliza chuo cha ufundi, umeme wa magari, zawadi ya kwanza niliyokununulia kwa jasho langu haikuwa kitenge. Ilikuwa kikasha cha mfumo wa elektroniki wa kuwekwa mahali pa pointi. Nilipanda nacho mlimani nimekikumbatia. Nilikueleza pale uani, mbele ya akina mama waliokuja kupakia kabichi: hakuna midomo ya kuungua, hakuna msasa, kuna kijicho kidogo kinachoiona shafti ikizunguka, na kikasha kinajua chenyewe wakati wa kukata umeme ili cheche itoke. Ulikishika, ukakigeuza juu chini, ukatafuta skrubu ya kukifungulia. Hakina skrubu. Ukanirudishia.

"Kitu nisichoweza kukifungua, sipandi nacho mlima," ukasema. Hilo ningelivumilia. Lakini ukaongeza, ukiwageukia wenzako, "Huko mjini wanabadilisha tu vitu. Sisi huku tunatengeneza."

Wakacheka. Na mimi nilicheka, Mama. Kisha nikashuka na kikasha changu mpaka Bigwa, nikakitia kabatini, na kwa miaka yote iliyofuata hatukukitaja tena. Ulikuja kwenye karakana yangu Msamvu mara nyingi, ukaleta viazi na matunda damu, ukawasalimia wateja wangu wote, lakini hata siku moja hukuniuliza mwanangu unatengeneza nini hapa. Na mimi sikukuonyesha. Nilikuwa na kiburi. Nadhani sote wawili tulikuwa nacho.

Halafu presha ikakuangusha Jumanne moja, na Alhamisi hukuwepo.

Sitaandika habari za mazishi. Nitakwambia tu kwamba walikuja watu wa vitongoji ambavyo sikujua vina njia. Na kwamba pikapu ilikaa bandani masika yote, kuku wakataga kwenye kiti chako.

Mvua zilipopungua, Mama Anjelina alikuja na akina mama wengine watano. Unamjua alivyo, haketi kwanza. Alimwambia Deo, "Mwanangu, malori hayafiki kwetu huku juu. Mama yako ndiye alikuwa lori letu. Utatubebea au hutatubebea?" Deo alisema atabeba. Kisha akanipigia simu: "Dada, njoo uiangalie gari kabla sijaua mtu."

Nikapanda. Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo, na nakueleza kama nilivyomweleza padre.

Nilifungua distribyuta nikapima mwanya wa pointi kwa kipimo changu, vile vibati vyembamba vya chuma. Nikakuta ni mpana sana. Mpana kuliko kitabu kinavyosema, na siyo kidogo. Nikatabasamu, Mama. Nilisema moyoni, maskini, macho yake yalikuwa yamechoka, alikuwa akikisia. Nikaurekebisha kama kitabu kinavyotaka. Pale uani gari liliwaka vizuri, likanguruma kwa utulivu. Nikamwambia Deo, "Sasa iko sawa." Nikashuka kuwahi wateja wangu.

Kesho yake, kabla hata sijafungua karakana, simu ikalia. "Dada, inamisi. Imepanda nusu mlima, sasa haivuti kabisa."

Nilichukua bodaboda. Nilipofika kwenye ule mpando wa kutokea bondeni, nikawakuta akina mama wanateremsha mizigo yao, wanabeba matenga kichwani kwenda kuliwahi lori kule njia kuu. Karoti nyingine zilikuwa zimemwagika kwenye tope. Hakuna aliyenitukana. Mama Anjelina alipita na tenga lake kichwani, akaitikia shikamoo yangu, akaenda. Nyuma yake mzee mmoja aliyekuwa akisaidia kubeba alisema, wala hakunisema kwa ubaya, "Hii gari imekufa na mwenyewe."

Deo alikuwa amekaa kwenye jiwe, uso ameufunika kwa mikono. Alidhani ni kosa lake.

Nikafungua tena distribyuta. Safari hii sikupima pointi. Niliishika shafti yenyewe, ile nguzo ya katikati inayozifungua pointi ikizunguka, nikaitikisa. Ikacheza. Ikaenda huku ikarudi kule, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Bushi yake, ile pete inayoishikilia isiyumbe, ilikuwa imelika zamani, miaka na miaka. Shafti ikicheza namna ile, mwanya haukai mahali pamoja: kwenye plagi hii pointi zinafunguka, kwenye ile zinagusana tu. Mwanya wa kitabu ni wa shafti nzima. Kwa shafti yako ilibidi uachwe mpana, mpana kiasi kwamba hata ikiyumba vipi, midomo ifunguke. Ukizidisha, cheche inadhoofika. Ukipunguza, gari linamisi mlimani likibeba mzigo. Mahali pa katikati ni padogo kama unywele, nawe ulikuwa unapapata kwa sikio.

Kumbe hukuwa umekosea, Mama. Kumbe mimi ndiye niliyefuta kazi yako kwa kipimo changu cha mjini na tabasamu langu.

Nilikaa chini kwenye tope nikalia. Deo akadhani gari limeharibika moja kwa moja, akaanza na yeye kulia. Ungetuona ungetuchapa wote wawili.

Kisha nikanyamaza, nikaurudisha mwanya ule uliokuwa umeuacha wewe. Bahati nzuri nilikuwa nimeuandika kwenye daftari, maana chuoni walitufundisha tuandike tulichokuta kabla ya kugusa. Deo akapiga stata. Injini ikashika. Tukapakia karoti zilizobaki, tukapanda mlima ule bila hata kikohozi kimoja, na tulipowapita akina mama njiani, tukasimama tukawachukua na matenga yao, lori tukaliwahi.

Siku hiyo nilijivunia mtu kuliko nilivyowahi kujivunia maishani. Nimesoma kwa walimu wenye vyeti ukutani. Sijaona hata mmoja ambaye angeweza kuendesha gari lenye shafti ile kwa mwezi mmoja, achilia mbali miaka. Na hukumwambia mtu. Uliamka, ukasugua, ukasikiliza, ukashuka na mboga za watu, ukarudi. Watu walidhani una gari zuri.

Sasa ngoja nikwambie nilivyofikia kutoa pointi.

Mwanya wako haukudumu. Haungeweza. Kisigino cha pointi kinasuguana na shafti kila inapozunguka, kinaisha, mwanya unajifunga taratibu. Wewe ulikuwa ukiufungua tena kabla mtu hajajua. Deo hakuweza. Jumapili tatu mfululizo nilipanda mlimani kumrekebishia. Nilimfundisha. Nilimwambia asikilize. Alikuwa anainamisha kichwa, anakunja uso, anasema, "Nasikia injini, Dada." Nami namwuliza, injini inasemaje? "Inasema injini."

Niliing'oa distribyuta nikashuka nayo Msamvu kwa mzee mmoja anayechonga vyuma. Akanichongea bushi mpya ya shaba, akaipenyeza, nikaitikisa shafti: kimya, haichezi hata chembe. Nilifurahi, halafu nikanyong'onyea. Maana sasa sikuwa na kisingizio. Shafti nzima inakubali pointi kwa kipimo cha kitabu, na inakubali kikasha pia. Chuma hakikunichagulia tena. Ilibidi nichague mimi.

Nilikaa siku nne na ile distribyuta juu ya meza. Nilikiona kile kikasha kabatini kila nilipochukua kikombe. Nilijua ubaya wake kama ninavyojua uzuri wake. Pointi zikianza kuchoka zinakuonya: gari linakohoa, linamisi, linakupa muda wa kutafuta mahali pa kusimama. Kikasha kikifa kinakufa mara moja, na kwenye ukungu wa Mgeta hakuna wa kukufungulia duka. Ulichosema pale uani kilikuwa kweli. Hilo nalikubali leo kwa maandishi. Nilijua pia nikikiweka watu watasema nimesubiri ufe ndipo nishinde ubishi wetu. Na mimi mwenyewe niliogopa kwamba huenda ni kweli.

Basi nikafanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya. Nilimwuliza Deo. Nilimwuliza anataka nini.

Unajua asivyo mwepesi wa maneno. Akasema, "Dada, Mama alikuwa anaendesha huku anasikiliza. Mimi nikipanda pale nasikiliza breki, natazama korongo, nawaza wale akina mama nyuma. Nikianza kuwaza na pointi, kimoja kitanipita. Nataka niwaze barabara."

Nikaenda kwa Mama Anjelina pia, kwa kuwa mboga ni zake na wenzake. Alikuwa anapalilia. Nilimweleza yote, mpaka neno lako la siku ile, la kubadilisha na kutengeneza. Alisimama akajifuta tope mikononi. "Mama yako alisema hivyo kwa sababu alikuwa anajua pointi," akasema. "Tulikuwa naye miaka yote. Hakuwa na mapenzi na vile vyuma. Alitaka mzigo ufike." Akarudi kupalilia. Hakuniambia kwamba ungekubali. Nilitamani aniambie, nikasubiri kidogo pale shambani, hakuniambia.

Kwa hiyo sijui, Mama. Sijui ungesemaje. Nilichagua bila wewe.

Nilikifunga kikasha Jumamosi asubuhi, uani kwetu, palepale uliponirudishia. Akina mama walikuja, wengine na vigoda vya kukalia, kama vile wamekuja kwenye sherehe. Nilipima koili yako ya zamani, ile inayoukuza umeme wa cheche, nikaona haikifai kikasha, ingekichoma kwa joto, nikaweka nyingine. Nilikagua waya za betri mara mbili. Nilimwambia Deo, akarudia baada yangu kama katekisimu: usiache swichi imewashwa wakati injini imezima, hata kwa ajili ya redio.

Deo akapiga stata. Haikuwaka.

Akapiga tena. Injini ikapiga mlio mmoja wa nyuma, pwa!, kuku wakaruka. Nilimwona yule mzee wa siku ile akitazama chini kwa huruma. Kwenye mkoba nilikuwa na taa ya kupimia taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, kifaa kizuri. Sikuichukua. Nililegeza distribyuta, nikaishika kwa mkono kama unavyoshika kichwa cha mtoto unayemnyoa, nikamwambia Deo apige na asiache. Nikaigeuza taratibu. Nikafumba macho. Ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Nikaendelea kugeuza, kidogo, kidogo, mpaka sauti ilipotulia chini ya vidole vyangu, na mwili wangu wote ukaijua. Ilikuwa sauti ileile, ya miaka yote ya utoto wangu, nimekaa pembeni yako na kofia ya distribyuta mapajani.

Nikakaza nati. Baadaye nikaichukua ile taa nikahakikisha. Hapakuwa na cha kusogeza.

Mama Anjelina akapiga kigelegele. Mmoja wao, sikumwona ni nani, akasema kwa nguvu, "Mama Skola amerudi!" Nikamsikia mwingine akimsahihisha: "Siyo. Huyo ni Skola."

Neno lako kuhusu kupanda mlima sikulipuuza. Pointi zako na kondensa, kile kikopo chake kidogo, nimeziweka chini ya kiti zikiwa zimefungwa kwenye sahani yake ya chuma, kamili, pamoja na ile koili ya zamani. Kikasha kikifa, Deo anatoa hiki anaweka kile. Nilimfanyisha mazoezi mpaka akanichukia. Mara ya kwanza alichukua karibu saa nzima na skrubu mbili zikapotea kwenye majani. Siku hizi anamaliza kabla maji ya chai hayajachemka kwenye kuni mbichi. Kusikiliza hawezi, lakini mikono yake, Mama, ni ya kwako. Nimeitazama vizuri. Hata kile kidole kidogo anakinyanyua vilevile.

Limekwama mara moja tu tangu hapo, na wala siyo kikasha: unyevu uliingia kwenye kofia siku ya mvua kubwa. Deo akaikausha kwa shati lake, akashuka mjini kifua wazi. Alipofika kwangu akiwa vile, akisimulia huku anatetemeka na kucheka, nilimpa koti nikageuka upande nisije nikamwaibisha kwa machozi. Yule mtoto aliyekaa kwenye jiwe ameufunika uso hakuwepo tena.

Na karakana imebadilika. Watu wenye magari ya zamani wamesikia, wanakuja kuniuliza: niache pointi au niweke elektroniki? Zamani ningewajibu wote jibu moja kabla hawajamaliza kuuliza. Sasa nauliza kwanza. Nani anaendesha? Anakwenda wapi? Akikwama, nani yuko karibu? Juzi alikuja mwalimu mmoja mstaafu mwenye gari dogo la zamani, analipeleka kanisani na kulirudisha, na kila Jumamosi anazisafisha pointi zake mwenyewe huku anapiga mluzi. Alitaka kubadilisha kwa sababu mwanawe amemwambia amepitwa na wakati. Nikamwambia, Mwalimu, shikamoo, nenda nyumbani na pointi zako. Nikamkatia msasa mpya. Nimemfukuza mteja, na nilikuwa na furaha mpaka jioni.

Sasa habari ya mwisho, nayo ndiyo iliyonikalisha kuandika leo.

Wiki iliyopita nilimwita mchoraji wa mabango. Lile bango langu la zamani limechakaa, lilikuwa limeandikwa jina langu na jina la chuo nilichosoma. Maana watu wakiniuliza nani amekufundisha, miaka yote nilikuwa nataja chuo. Mchoraji akatandaza bati chini, akakoroga rangi, akaniuliza, "Fundi, niandike nini?"

Nikamwambia: *Mama Skola na Binti. Umeme wa Magari.*

Akaandika, ana mkono mzuri, herufi za bluu iliyokolea. Alipomaliza akasimama akalitazama, kisha akatazama ndani ya karakana, huku na huku. "Mama mwenyewe nimsalimie wapi?" akauliza. "Si vizuri niandike jina la mkubwa halafu niondoke bila shikamoo."

Nilimwonyesha mlima. Siku ile ulikuwa wazi, hauna wingu. Kijana wa watu akavua kofia, akageuka huko, akasema shikamoo kwa sauti.

Basi Mama, imekufikia na ya kwake. Nami nakuahidi hili: gari la mtu yeyote litakaloingia chini ya jina hilo, sitaligusa kabla sijatazama aliyekuwa akilitunza alifanya nini, na kwa nini. Deo nitamtunza. Akina mama nao watakuwa na gari.

Pumzika sasa. Umeendesha vya kutosha.

Mimi mwanao,
Skola